Mashine inazunguka, uchafu haupungui: kisa cha mgonjwa aliyejaa sumu akiwa kwenye dialisisi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na madaktari wa vitengo vya dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa. Jina, kituo, tarehe na chochote kinachoweza kumtambulisha mgonjwa vimeondolewa. Vipimo na maamuzi vimebaki kama vilivyokuwa.

Mgonjwa na hali yake ya awali

Ni mwanaume wa miaka ya hamsini, mkazi wa mji wa pwani ya Tanzania, mwenye kisukari na shinikizo la damu la muda mrefu. Figo zake zilishindwa kabisa, naye alikuwa kwenye dialisisi kwa miezi saba. Alipangiwa kusafishwa mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, saa 4 kila awamu. Mara mbili, kwa sababu familia haikuweza kulipia ya tatu.

Mwanzoni mpango huo ulimtosha. Alikuwa bado anakojoa karibu lita moja kwa siku, na mkojo huo ulikuwa ukitoa sehemu nzuri ya uchafu katika siku ambazo hakuwa mashineni. Miezi saba baadaye alikuwa akipata kikombe cha chai kwa siku. Katikati ya kipindi hicho alikuwa akinunua dukani diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kudhuru figo, kwa ajili ya goti, na hakuna aliyemuuliza. Ratiba ya dialisisi haikubadilika.

Katheta ya shingoni, mrija wa kuvutia na kurudishia damu, iliziba, akawekewa ya muda kwenye paja la kulia, yenye urefu wa sentimita 15. Ilikusudiwa ikae siku chache; ilikuwa na wiki tano. Dawa zake: amlodipini, insulini, erithropoietini, kalsiamu kabonati, na gabapentini miligramu 300 mara tatu kwa siku, aliyoandikiwa kliniki nyingine kwa ajili ya miguu kuwaka moto.

Alivyofika

Alifika Jumatatu asubuhi akiwa ameshikwa mikono na mkewe na mwanawe. Kwa wiki tatu alikuwa na kichefuchefu, muwasho wa mwili mzima, kwikwi isiyokoma na ladha ya chuma mdomoni. Siku nne za mwisho alikuwa akisinzia mchana, usiku hapati usingizi, na mikono ikimruka ghafla hadi kikombe kinaanguka. Alhamisi iliyotangulia umeme ulikatika akaondolewa mashineni baada ya saa 2 na nusu, na muda uliopotea haukufidiwa.

Shinikizo la damu lilikuwa 178/96, mapigo ya moyo 58 kwa dakika. Alipoambiwa anyooshe mikono na kuinua viganja, vilidondoka na kurudi, vikadondoka tena. Kifuani, upande wa kushoto wa mfupa wa katikati, kulisikika mkwaruzo mkavu unaofuata mapigo ya moyo: mfuko wa moyo ulikuwa umevimba.

Maabara: urea, uchafu unaotolewa na figo, milimoli 47 kwa lita (kawaida haizidi 8), kreatinini mikromoli 1,180, potasiamu 7.1, bikaboneti 13, fosfeti 2.6, hemoglobini gramu 7.4, sukari 9.8. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi ya T marefu yenye ncha kali, P zilizobapa na QRS, wimbi la pigo kuu la moyo, iliyopanuka.

Muuguzi aliyempokea aliuliza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote.

"Baba, jana ulikunywa nini?"

"Dafu, mwanangu. Tangu nianze kuumwa nakunywa matatu kwa siku, wanasema linasafisha figo."

Kikombe kimoja cha maji ya dafu, mililita 240, huwa na takriban miligramu 400 hadi 600 za potasiamu. Madafu matatu kwa siku, kwa mtu asiyekojoa, yanaweza kumaliza posho ya siku nzima kabla hajala chochote.

Saa ya kwanza: moyo kwanza

Urea 47 inatisha kwenye karatasi, lakini haiui mtu kwa dakika. Potasiamu 7.1 yenye QRS iliyopanuka inaua. Ndiyo maana timu haikusubiri mashine iandaliwe. Alipewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, huku skrini ya moyo ikiangaliwa. QRS ilipungua upana ndani ya dakika tano. Kalsiamu haipunguzi potasiamu hata kidogo. Inaukinga moyo kwa nusu saa hadi saa moja, na kama mabadiliko yanarudi dozi hurudiwa.

Kisha insulini ya haraka yuniti 10 pamoja na deksitrozi ya asilimia 50, mililita 50, na salbutamoli miligramu 10 kwa mvuke. Hizi mbili husukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Nayo haitoki mwilini, itarudi baada ya saa chache, kwa hiyo zinanunua muda wa kufika kwenye mashine.

Bikaboneti ya mshipani haikutolewa. Mgonjwa alikuwa tayari amejaa maji, na dialisisi yenyewe ingerekebisha asidi. Furosemidi nayo iliachwa. Kwa mtu anayekojoa kikombe kimoja isingetoa kitu cha maana kwa muda uliokuwapo. Daktari wa zamu alipendekeza dayazepamu kwa ajili ya mishtuko ya mikono, ikakataliwa, maana kumlaza mgonjwa ambaye fahamu zake ndizo unazozifuatilia ni kujifunga macho.

Dialisisi ya kwanza: kuna haraka, lakini si ya urea

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipokuwa. Potasiamu ilitaka kutolewa mapema. Urea ilitaka kutolewa taratibu. Ukiishusha urea ya 47 kwa kasi, damu inakuwa nyepesi kuliko ubongo, kwa sababu urea hutoka kwenye ubongo kwa kuchelewa. Maji hufuata uchafu uliobaki, ubongo unavimba, na mgonjwa anaanza kuumwa kichwa, kutapika, kuhangaika, hata kupata degedege na kupoteza fahamu. Mgonjwa huyu hakuwa mgeni wa dialisisi, na wengine wangesema hatari hiyo ni ya wanaoanza tu. Lakini kwa jinsi urea ilivyokuwa juu, akiwa tayari amechanganyikiwa na ana asidi, timu ilimchukulia kama mgonjwa wa siku ya kwanza.

Ilipangwa hivi: muda wa saa 2, kichujio kidogo, pampu ya damu mililita 180 kwa dakika, kioevu cha dialisisi mililita 300 kwa dakika chenye potasiamu 2 na sodiamu 140. Maji ya kutoa yasizidi lita moja halisi, kwa sababu mfuko wa moyo uliovimba unaweza kuwa na majimaji ndani, na kuondoa maji kwa kasi hapo huangusha shinikizo ghafla. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hapana kabisa, kwa sababu hiyo hiyo: damu ikivujia ndani ya mfuko wa moyo hubana moyo. Badala yake kichujio kilisuuzwa kwa salini (maji ya chumvi) mililita 200 kila baada ya dakika 30, na kiasi hicho kikaongezwa kwenye hesabu ya maji ya kutoa. Hatua hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, na mgonjwa anaondoka na maji mengi kuliko alivyokuja nayo.

Wakati wa kuunganisha, mrija mwekundu wa katheta, ule wa kuvutia damu, haukuvuta. Muuguzi aligeuza mirija: akavutia kwenye wa buluu na kurudishia kwenye mwekundu. Siku hiyo ilikubalika, maana ufanisi mdogo ndio uliotakiwa. Ila alipofungua daftari la nyuma aliona kwamba kwa wiki tatu nzima mgonjwa amekuwa akiunganishwa hivyo hivyo.

Baada ya saa 2 urea ilikuwa 35, yaani imeshuka kwa robo, na potasiamu 5.2. Kichwa kilimuuma kidogo kuelekea mwisho, kisha kikaacha. Jioni potasiamu ilipanda hadi 5.7, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa ile iliyosukumwa ndani ya seli ilikuwa inarudi.

Jambo moja nusura liharibike. Saa tatu baada ya insulini, sukari ilishuka hadi 3.4. Figo ndizo husaidia kuondoa insulini mwilini. Zikishindwa, yuniti 10 hufanya kazi kwa muda mrefu kuliko deksitrozi iliyopewa nayo. Sukari ilikuwa imepimwa mara moja tu, baada ya nusu saa, ikaonekana nzuri, ikaachwa. Alirekebishwa kwa deksitrozi ya asilimia 10. Kipimo kinatakiwa kila nusu saa kwa saa mbili za mwanzo, kisha kila saa hadi saa ya sita. Baadhi ya wataalamu huanza na yuniti 5 kwa wagonjwa wa figo, na kwa mwenye mwili mdogo au sukari isiyo juu ni uamuzi wa busara.

Siku ya pili na ya tatu: hesabu inakataa

Siku ya pili ilikuwa saa 3, pampu 220. Urea ikatoka 36 hadi 26. Siku ya tatu hatari ya ubongo ilikuwa imepungua, akawekwa saa 4 kamili, pampu 250, kichujio cha ukubwa wa kawaida. Urea kabla: 29. Urea baada: 15.7.

Mtu akitazama haraka anaona imeshuka vizuri, karibu nusu. Piga hesabu: 29 toa 15.7 ni 13.3, gawa kwa 29, ni asilimia 46. Kiwango hiki, asilimia ya urea iliyopungua ndani ya awamu, ndicho wengi hukiandika URR kwenye fomu, na kwa awamu ya kawaida ya mtu wa dialisisi kisiwe chini ya 65. Mgonjwa wa kilo 64, kwa saa 4, alipaswa kufikia hapo. Mashine ilikuwa imezunguka muda wote. Damu haikusafishika.

Faili lake lilikuwa na kipimo kimoja tu cha URR, cha miezi minne nyuma: asilimia 71. Kila aliyelifungua alikiona na kutulia. Timu ilipofuatilia jinsi damu ile ilivyochukuliwa, ikabainika ilivutwa kwenye mrija wa buluu, ule unaorudisha damu kwa mgonjwa. Damu hiyo imetoka kwenye kichujio sasa hivi. Lazima ionekane safi. Ni sawa na kupima usafi wa kisima kwa kuchota maji kwenye chujio.

Sampuli ya kabla huchukuliwa kabla ya salini wala heparini kuingia, na kwenye katheta hutangulizwa kuvutwa mililita 10 na kutupwa, maana ndani kuna dawa ya kuzuia kuganda. Ya mwisho: zima utoaji wa maji, shusha pampu hadi mililita 100 kwa dakika, subiri sekunde 15, chukua damu kwenye mlango wa mrija unaovuta kutoka kwa mgonjwa, kisha simamisha. Sekunde hizo 15 huondoa kwenye mrija damu iliyokwisha kusafishwa ikajirudia. Ukiharakisha, namba inapendeza bila sababu.

Sasa kwa nini 46, na kwa nini uchafu ulikuwa ukijaa hata kabla ya kulazwa? Sababu zilikuwa tatu, zimepandana.

Kubwa ilikuwa katheta. Ya sentimita 15 ni saizi ya shingo upande wa kulia. Pajani inahitajika ya sentimita 20 au zaidi ili ncha ifike kwenye mshipa mkubwa wenye damu nyingi. Ikiwa fupi, damu safi inayorudishwa inavutwa tena papo hapo, mashine inasafisha damu ile ile. Kugeuza mirija kunaongeza tatizo, kwa kuwa matundu ya katheta yamepangwa ili kuvuta kuwe nyuma na kurudisha kuwe mbele. Mirija hugeuzwa kuokoa awamu ya leo, na siku hiyo hiyo inaandikwa kwamba katheta inahitaji kutatuliwa.

Ya pili ni pampu. Awamu za nyuma zilikuwa zimeandikwa mililita 300 kwa dakika, lakini shinikizo la upande wa kuvuta lilikuwa hasi 270 hadi hasi 290. Likizidi hasi 250 mrija ndani ya pampu unabonyea, na kiasi halisi kinachopita ni kidogo kuliko kinachoonyeshwa. Kengele zikilia, pampu inasimama na dakika zinapotea.

Ya tatu ni muda wenyewe. Katika awamu nane zilizotangulia kulazwa kwake, wastani ulikuwa saa 3 na dakika 10. Kuchelewa kuanza, kengele, mgonjwa kuomba kuwahi gari, umeme. Kwenye fomu zote nane iliandikwa saa 4.

Kubadili njia

Siku ya nne aliwekewa katheta mpya shingoni upande wa kulia, sentimita 15, kwa kuongozwa na altrasaundi, na picha ya kifua ikathibitisha ncha ipo mahali pake. Ya pajani ikatolewa. Mashine ikavuta mililita 300 kwa shinikizo la hasi 170. URR ya awamu iliyofuata: asilimia 68. Mgonjwa yule yule, mashine ile ile, saa 4 zile zile.

Altrasaundi ya moyo ilionyesha majimaji kidogo, milimita 8, yasiyobana moyo. Dalili ya mfuko wa moyo kuvimba kwa mtu aliyeko kwenye dialisisi mara nyingi ni ushahidi kwamba dozi haitoshi, na tiba yake ni dialisisi zaidi. Alisafishwa siku tano kati ya saba kwa wiki mbili, bila heparini. Mkwaruzo uliisha siku ya tisa. Dawa za jamii ya diklofenaki hazikutumika. Maumivu yalitulizwa kwa parasetamoli.

Dawa zilizogeuka kuwa sumu

Gabapentini hutolewa mwilini na figo karibu yote. Mtu mwenye figo nzima anaweza kutumia miligramu 900 kwa siku bila shida. Kwa mgonjwa huyu ilikuwa inajilimbikiza kila siku asipokuwa mashineni. Dozi ya kuanzia kwa aliye kwenye dialisisi ni miligramu 100 baada ya kila awamu, na hupandishwa kwa tahadhari. Ilisimamishwa siku ya kwanza. Kufikia asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya awamu ya saa 4, alikuwa macho, anajua yuko wapi, na mikono imeacha kuruka, ingawa urea ilikuwa bado 29. Dialisisi nayo huondoa gabapentini, kwa hiyo huwezi kutenganisha kwa uhakika kilichofanywa na urea na kilichofanywa na dawa. Lakini wepesi wa kupona fahamu unaelekeza zaidi kwenye dawa.

Kwa mgonjwa wa figo aliyechanganyikiwa, karatasi ya dawa isomwe sambamba na karatasi ya maabara. Gabapentini, tramadoli, asaiklovia, sefepimu: zote zimewahi kufananishwa na sumu ya urea wakati dawa yenyewe ndiyo tatizo. Na kwa kwikwi isiyokoma, uliza kuhusu tunda la nyota. Lina sumu ya neva, karamboksini, ambayo figo nzima huiondoa. Kwa mtu wa dialisisi huanza na kwikwi, na inaweza kuishia kwenye degedege na kifo. Huyu hakuwa amelila.

Chakula na choo

Madafu yalikatazwa kwa maelezo, si kwa amri. Mkewe ndiye alikuwa akiyanunua kwa mapenzi yote; alipoonyeshwa karatasi ya umeme wa moyo ya kabla na ya baada aliuliza mwenyewe orodha ya vingine. Viazi, mihogo na ndizi za kupika haviondolewi mezani: vinamenywa, vinakatwa vipande vidogo, vinachemshwa kwa maji mengi, maji yanamwagwa, kisha vinapikwa kwa maji mapya. Mchuzi wa maji ya kwanza haunywewi. Chumvi zinazouzwa kama mbadala kwa wenye shinikizo, nyingi ni kloridi ya potasiamu, zisiingie nyumbani.

Protini haikupunguzwa. Familia ilikuwa imeacha kumpa samaki na mayai kwa ushauri wa kabla ya dialisisi. Aliye mashineni hupoteza protini kila awamu na anahitaji karibu gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Urea ya chini kwa mtu anayekonda si habari njema.

Choo ni jambo ambalo vitengo vingi havigusi. Alikuwa akipata choo kila baada ya siku nne. Figo zikishindwa, utumbo hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kutoa potasiamu. Zaidi ya hapo, bakteria wa utumbo hutengeneza chanzo cha sumu kama indoksili salfeti na kresili salfeti, ambazo zimejishikiza kwenye protini za damu na hazipiti vizuri kwenye kichujio chochote. Mashine haiwezi kuzifuata zilipo. Alipewa laktulosi mililita 15 mara mbili kwa siku hadi choo kikawa cha kila siku. Dawa za kulainisha choo zenye magnesiamu au fosfeti hazifai kwa wagonjwa hawa.

Matokeo

Alitoka wodini siku ya 16. Wiki sita baadaye potasiamu kabla ya dialisisi ilikuwa 5.2, urea 21, URR 67, kwikwi na kichefuchefu vimekwisha. Muwasho ulipungua bila kuisha. Fosfeti ilikuwa bado 2.1, na ilibainika alikuwa akimeza kalsiamu kabonati kabla ya kulala, wakati hufanya kazi ikimezwa pamoja na chakula.

Kwa wiki nane alisafishwa mara tatu kwa wiki kwa msaada wa ndugu na ofisi ya ustawi wa jamii. Kisha fedha zikapungua, ikawa awamu tano kwa wiki mbili. Kwa mtu anayekojoa mililita 150, hiyo haitoshi, na iliandikwa hivyo kwenye faili bila kuficha.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Mpangilio wa saa ya kwanza ulikuwa sahihi: kulinda moyo, kusukuma potasiamu, kisha kuitoa. Kuishusha urea kwa siku tatu badala ya siku moja kulifaa, na potasiamu haikuteseka, kwa sababu sehemu kubwa yake hutoka mapema hata kwa awamu fupi. Swali la dafu liliokoa siku nyingi za kutafuta sababu.

Kushindwa kulianza miezi kabla ya Jumatatu ile. Mkojo ulipungua na hakuna aliyeupima. Mkojo wa saa 24 ukikusanywa kila baada ya miezi miwili au mitatu ungeonyesha kwamba awamu mbili hazitoshi tena, mapema kiasi cha kuzungumza na familia kabla ya dharura, na kulinda uwezo wa figo uliobaki kungeanza kwa kuondoa diklofenaki. Kipimo kimoja kibaya cha URR kilifanya madhara makubwa kuliko kutokuwa nacho kabisa, kwani kiliwazuia watu kuhoji dalili walizokuwa wakizisikia kila wiki. Na kuandika "saa 4" kwa mazoea kuliifuta sababu ya tatu isionekane na mtu yeyote.

Kitengo kilibadili fomu yake. Sasa ina nafasi ya dakika halisi za pampu kuzunguka, shinikizo la upande wa kuvuta kila nusu saa, na alama ya mirija iliyogeuzwa, ambayo ikijirudia awamu mbili mfululizo daktari lazima aitwe. URR ni kila mwezi, na anayechukua damu huandika mlango alioichukulia. Mkono wa kushoto wa mgonjwa ulifungwa utepe wa kukataza sindano na kupima shinikizo, ukisubiri upasuaji wa fistula, yaani kuunganisha ateri na vena ya mkono ili zitumike kwa dialisisi. Fistula hiyo itahitaji kati ya wiki sita na miezi mitatu kukomaa, na hadi wakati huo katheta ya shingoni ndiyo njia pekee aliyonayo.